MASTAA NA CHUPA ZA BIA: NANI KAWADANGANYA KWAMBA SHABAHA LAZIMA IPASUKE KIOO?

Haya sasa wadau, mjini kumeingia msimu mpya. Ulipita msimu wa magari ya kukodi, ukapita wa kupiga picha kwenye boti za watu, sasa ni zamu ya kulenga shabaha. Mastaa wameingia na bunduki za upepo, wengine na pinde za kisasa zenye magurudumu, wengine na manati za chuma za kuagiza nje. Miwani nyeusi, kofia nyuma mbele, muziki mzito chini ya klipu, halafu paa! Chupa inapasuka na maoni yanamiminika: "Noma sana kaka", "Mzee wa shabaha", "Bongo tuna Rambo wetu".

Kulenga shabaha si dhambi. Ni mchezo mzuri, unafundisha utulivu na unamtoa mtu kwenye kitanda na simu. Tatizo ni kile kinacholengwa.

Chukua mfano wa staa mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, mwenye wafuasi wengi kuliko wakazi wa mikoa fulani. Klipu yake ilipigwa ufukweni. Chupa 12 za bia zimepangwa juu ya gogo, bahari nyuma, jua linazama, kila kitu fresh. Chupa ya kwanza ikapasuka, ya pili ikapasuka, ya tatu ikaonyeshwa kwa mwendo wa kinyonga ili watu waone vipande vinavyoruka. Mtandao ukawaka.

Kuna kitu ambacho klipu haikuonyesha. Waliokuwepo wanasema mzee mmoja mvuvi, peku kama wavuvi wengi, alisogea akauliza kwa upole: "Mwanangu, hivyo vioo mtaviokota?" Akajibiwa: "Shikamoo mzee wangu. Usijali, kuna dogo atasafisha." Mzee akaitikia marahaba, akaenda zake. Dogo hakusafisha. Kioo cha kahawia kikishachanganyika na mchanga na majani ya baharini hakuna anayekiona mpaka kimuingie mguuni. Anayekikanyaga si staa, maana yeye ana raba za laki kadhaa. Anakanyaga mvuvi, mama muuza samaki, na mtoto anayekimbiza mpira Jumapili.

Hiyo ndiyo burudani inayopigiwa makofi.

HOJA ZAO TATU, NA KWA NINI ZOTE HAZISIMAMI

Ukisoma majibu ya mastaa na machawa wao, hoja ni zile zile tatu.

Ya kwanza: "Kioo kinanoga, kinatoa mlio, kinaonekana kwenye kamera." Sawa, kinanoga. Lakini kwa kujifunza kulenga, chupa ni mwalimu mbovu kuliko wote. Chupa inakwambia mambo mawili tu, umepata au umekosa. Haikwambii umepita juu au chini, kulia au kushoto. Karatasi inakwambia yote. Ukipiga mara 10 ukaona matundu yote yamejikusanya chini kushoto, unajua mkono umetulia ila namna ya kulenga ndiyo imekosewa. Ukiona matundu yamesambaa kama mchele uliomwagika, unajua shida ni pumzi na mkono. Mtu anaweza kupasua chupa mwaka mzima na asiboreke hata kidogo, kwa sababu hana pa kusoma makosa yake.

Ya pili: "Shabaha za kweli ni ghali, zinaagizwa nje." Hapa ndipo mwanadada mmoja wa mitandao, naye jina kapuni, alipoona fursa. Anauza seti ya vibao vya chuma vinavyozunguka, kwa laki na nusu, na maneno mengi ya "kwa wanaojielewa tu". Wanaojielewa waambiwe ukweli: katika Olimpiki, wanaopiga bunduki ya upepo wanalenga karatasi au kifaa cha elektroniki kinachofanya kazi ya ile karatasi. Wanasimama mita 10. Shabaha nzima ina upana wa milimita 45.5, na katikati kabisa, penye pointi 10, ni kinukta cha nusu milimita. Nusu milimita! Ni kitu cha kuchovya kwa ncha ya kalamu. Mchezaji anapiga mara 60 kwenye mchujo, na medali zinaamuliwa kwa sehemu ya kumi ya pointi, maana pigo bora kabisa ni 10.9. Sasa anayejiita mzee wa shabaha kwa kupiga chupa nene kama mkono wa mtu akiwa hatua chache tu, ajipime hapo.

Ya tatu: "Mnachukulia serious, ni burudani tu." Hii ndiyo hoja ya watu waliokosa hoja. Burudani ya mmoja ikimtoa damu mwingine haiitwi tena burudani. Na anayeangaliwa na maelfu ya madogo anafundisha hata asipotaka. Wiki ile ile, dogo wa uswazi hana ufukwe wala bunduki ya upepo, ila ana manati na chupa, na ana uchochoro ambao watoto wenzake wanapita peku.

DUNIA ILIACHA KIOO ZAMANI

Kinachochekesha ni kwamba mastaa wetu wanajiona wa kisasa kwa kufanya jambo ambalo wenzao waliliacha zaidi ya miaka 140 iliyopita.

Kule Marekani na Ulaya karne ya 19, wapenda shabaha walipiga njiwa hai. Njiwa aliwekwa kwenye kisanduku, kikafunguliwa, akiruka tu anapigwa. Watu walipoanza kuchukizwa na ukatili huo, pakatafutwa mbadala. Miaka ya 1870 yule mpiga shabaha maarufu Adam Bogardus akaueneza mchezo wa mipira ya kioo iliyorushwa hewani kwa mtambo. Mingine ilijazwa manyoya ili ikipasuka ionekane kama ndege kapigwa. Yaani kiki hazikuanza leo.

Mipira ile ilikuwa na balaa lake, uwanja mzima ulibaki vipande vya kioo. Mwaka 1880, George Ligowsky wa Cincinnati akapata hataza ya kisahani cha udongo cha kurushwa hewani. Inasimuliwa kwamba wazo alilipata kwa kuona vijana wakirusha makombe yakirukaruka juu ya maji, mchezo ambao mtoto yeyote aliyekulia karibu na bwawa au bahari anaujua, hata kama alitumia kigae. Kisahani kile ndicho kilichozaa mchezo wa njiwa wa udongo, ambao mpaka leo uko kwenye Olimpiki.

Njiwa hai nao walipigwa kwenye michezo ya Paris mwaka 1900. Mbelgiji Léon de Lunden alishinda kwa ndege 21, na kwa jumla waliuawa mamia. Dunia ikaangalia ule uwanja wa damu na manyoya, ikasema basi. Haikurudiwa tena.

Kwa hiyo wakubwa wa mchezo huu walishapitia ndege hai, wakapitia kioo, wakaviacha vyote, wakaishia kwenye udongo na karatasi. Mastaa wetu wanaanzia pale wenzao walipotoka kwa aibu.

BEI CHEE, NA VITU VYOTE VIKO KITAA

Sasa kwa wale wanaotaka kulenga kweli, hii hapa orodha ambayo muuza seti ya laki na nusu hataipenda.

Karatasi. Chukua boksi la kadibodi, kata kipande cha ukubwa wa daftari kubwa. Tumia sahani kuchora duara la nje, kisosi la pili, mdomo wa kikombe la tatu, kizibo cha soda katikati. Nje pointi 1, kisosi 3, kikombe 6, kizibo 10. Paka kizibo rangi kwa mkaa au kiwi. Piga mara 10, jumlisha, andika tarehe pembeni. Mwezi ujao linganisha. Hapo ndipo mtu anajua kama anaboreka au anajipa moyo.

Boksi la kukamata, kwa wapenda manati. Hili ndilo kombora la wote. Tafuta boksi kubwa la sabuni au tambi, toa upande wa mbele. Ndani, ning'iniza fulana mbili kuukuu kutoka juu, ziache zilegee chini na zisiguse ukuta wa nyuma. Usizivute zikakaza. Kitambaa kilicholegea kinaila kasi ya gololi, gololi inadondoka chini, unaiokota unapiga tena. Mbele yake ning'iniza kizibo kwa uzi. Ukikipata kinalia na kuruka, ukikosa gololi bado inaishia ndani ya boksi na si kwenye dirisha la jirani. Gharama yake ni fulana ambazo tayari zinatumika kudekia.

Makopo. Kopo tupu la nyanya au la maziwa, lililotobolewa na kuning'inizwa kwa kamba ya katani, linatoa mlio mzuri na linacheza kwenye kamera kuliko chupa. Likitoboka sana linaenda kwa muokota vyuma chakavu. Ila si kopo la dawa ya mbu wala la manukato. Yale yana mgandamizo ndani na yanaweza kulipuka hata yakionekana yameisha. Kiberiti cha gesi nacho ni hivyo hivyo.

Gunia, kwa wenye upinde. Shindilia gunia kwa matambara ya mitumba mpaka liwe gumu kama godoro la jela, bandika karatasi mbele. Njia nyingine ni kulaza maboksi mengi, moja juu ya lingine, kuyabana kwa kamba, na kupiga upande wenye kingo. Mshale unanasa kati ya matabaka na unatoka bila kuvunjika. Kwenye mashindano makubwa ya mita 70, karatasi ina upana wa sentimita 122 na duara la pointi 10 lina sentimita 12.2, karibu na upana wa kisosi. Kwa hiyo kisosi kile kile cha jikoni kinaweza kukuchorea pointi 10 ya Olimpiki.

Na kwa wale wa "lazima kipasuke"? Wana haki yao, kupasuka kunanoga. Jibu ni barafu. Gandisha maji kwenye vikombe usiku, asubuhi toa mapande yapange juu ya gogo. Yanapasuka yanang'aa, jua likipiga ni kama almasi kwenye kamera, na baada ya nusu saa hakuna kilichobaki zaidi ya unyevunyevu. Au finyanga visahani vyembamba vya udongo, kausha juani bila kuchoma. Vinapasuka kwa vumbi zuri la kahawia, mvua ikija vinarudi kuwa ardhi. Tumepata mlio, tumepata klipu, mzee mvuvi kapata mguu wake mzima.

Tena mkonge wetu una heshima kwenye michezo ya shabaha kuliko wengi wanavyojua. Zile mbao za vishale zinazoning'inia kwenye baa, zile nzuri hutengenezwa kwa nyuzi za mkonge zilizobanwa. Kishale kinapenya kati ya nyuzi, kikitolewa nyuzi zinajirudi. Mkonge huo umelimwa Tanga tangu karne ya 19. Halafu mtu wa hapa hapa anasema shabaha nzuri lazima itoke nje.

MTOTO WA MANATI NI MHUNI, STAA NI "MWANAMICHEZO"?

Hapa ndipo inapouma.

Dogo wa uswazi akishika manati, kila mtu mzima anayepita ana neno. "Wewe, tupa hiyo!" "Huyu atakuwa jambazi." Manati inanyang'anywa, na kofi juu. Kweli kuna madogo wamevunja vioo na kupiga kuku wa watu, hilo halifichwi. Lakini staa akifanya uharibifu mkubwa zaidi, kwa silaha yenye nguvu zaidi, mahali pa wazi penye watu, anaitwa mwanamichezo na anapewa tangazo la kinywaji.

Yule dogo kipaji anacho. Panda ameichonga mwenyewe kwa mti wa mpera, mpira kapewa na fundi baiskeli kutoka kwenye tyubu iliyokufa, gololi kafinyanga kwa udongo akazianika juu ya bati. Huyo anaelewa nguvu, umbali na upepo kabla hajafundishwa fizikia. Anachokosa ni mtu mzima wa kumwambia: "Mwanangu, njoo, weka boksi hapa, ukuta nyuma, wenzako wakae huku, tuone nani ana pointi nyingi." Kumpa boksi ni kazi ya dakika 10. Kumpiga kofi ni rahisi zaidi, ndiyo maana wengi wanachagua kofi.

Watoto wa Wahadzabe kule Ziwa Eyasi wanashika upinde wangali wadogo kabisa, na wanacheza kwa kulenga mpaka kulenga kunakuwa kama kutembea. Hakuna anayewaita wahuni. Mastaa wetu wanaenda kule, wanavaa ngozi kwa ajili ya picha, wanarusha mshale mmoja kwenye kisiki, wanakosa, wanacheka, wanapanda gari. Wangekaa nusu saa wangeona kwamba vijana wale wanalenga kisiki hicho hicho kikavu. Wataalamu wa upinde kuliko wote nchini hawahitaji chupa ya bia.

NDEGE SI SHABAHA

Kuna kundi la pili, baya kuliko la chupa. Hawa wanapiga ndege halafu wanapiga picha na maiti. Mmoja aliweka njiwa watatu wamelala mstari kwenye bomba la bunduki na kuandika "mazoezi ya asubuhi". Mazoezi gani hayo? Kuwinda bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na hata kama sheria ingelala, ndege aliyejeruhiwa bawa na kuanguka nyuma ya ukuta kufa taratibu siku mbili hajamfundisha mtu kulenga.

Watakuja wale wa "na kunguru je, si wasumbufu?" Kunguru wa Dar ni wasumbufu kweli, ni wageni walioletwa na wanasumbua ndege wa asili. Lakini kuwapunguza ni kazi ya watu wenye mpango na idhini. Si sababu ya mtu kupiga bunduki juu ya mapaa ya watu Jumamosi asubuhi, maana kila kinachopigwa juu lazima kishuke mahali.

MAMBO MACHACHE AMBAYO KLIPU HAZISEMI

Bunduki ya upepo si mdoli. Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na anayetaka kumiliki kitu cha aina hiyo aanzie kituo cha polisi kuuliza, si kwa muuzaji wa insta.

Gololi ya chuma ikigonga jiwe, chuma au mti mgumu inarudi, na jicho halina spea. Ndiyo maana nyuma ya shabaha panawekwa kitu laini kinachonyonya, kama kiroba cha mchanga au boksi lililojaa matambara. Ndiyo maana vile vibao vya chuma vya laki na nusu si vya kuchezea uani na watoto. Miwani ya kukinga macho avae kila aliyepo, hata mpiga kamera. Hakuna anayesogea mbele mpaka wote wameweka chini. Na risasi ndogo za bunduki ya upepo nyingi ni madini ya risasi, ambayo ni sumu: ziokotwe, na mikono ioshwe kabla ya kushika chipsi.

Ukiondoka, pawe kama ulivyopakuta. Kama huwezi kukiokota, usikipige.

MPIRA UKO KWAO

Mastaa wanasema wanataka kuheshimika kama wanamichezo. Vizuri, mchezo una matokeo. Wiki hii waache chupa, wabandike karatasi yenye duara la kizibo, wasimame mita 10, wapige mara 10, halafu waonyeshe ile karatasi mbele ya kamera bila kukata klipu. Matundu yote yaonekane, pointi zihesabiwe hadharani. Mwenye 90 apewe heshima yake na mwenye 20 acheke na wengine, arudi mazoezini.

Kama wanaogopa kuonyesha karatasi, basi wafuasi wajue kwa nini walipenda chupa muda wote huu. Chupa haiweki kumbukumbu ya waliokosa, na zile zilizokoswa zilikatwa kwenye klipu.

Na kuna dogo mahali fulani, ana panda ya mpera na gololi za udongo mfukoni, ambaye akiwekewa boksi na fulana mbili kuukuu atawafunga wote.

Wewe unasemaje mdau? Mastaa waendelee na chupa zao au waweke karatasi? Na kama umeshatengeneza boksi lako, dondosha pointi zako hapo chini, matusi weka pembeni.